Ramani ya satelaiti inaona bonde, haimwoni mwenye bonde

Maneno haya yalitolewa Lusangi, kusini mwa Maniema, katika mkutano wa mashefu, familia zilizohamishwa na vita na familia zinazowapokea. Tunayachapisha ili wale ambao hawakufika nao wayasome.

 

Wengi wenu mmeona wafanyakazi wetu wakipita vijijini na karatasi zenye rangi na chombo kidogo cha GPS mkononi. Mmeuliza: wanapima nini? Wanampimia nani? Maswali hayo ni ya haki. Leo tunataka kuyajibu bila kuficha, na kuwaeleza pia kosa tulilofanya sisi wenyewe na tulilojifunza kutokana nalo.

Kwa nini tulitafuta ramani

Mnajua hali yetu kuliko sisi. Mwaka 2016 na 2017 mgogoro kati ya Watwa na Waluba katika Tanganyika ulisukuma familia nyingi kuingia Kabambare. Tangu 2017 mapigano ya upande wa Salamabila yaliwafanya wengine kuacha nyumba zao. Wengine tena walishuka kutoka milima ya Fizi na Itombwe. Familia nyingi hazikukaa kambini. Zilikaa ndani ya nyumba zenu, zikala chakula chenu, zikaomba jembe.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini jembe bila shamba ni mzigo tu. Na shamba bila mbegu inayolifaa linaleta ugomvi.

Hapa tuseme jambo tuliloliona mara nyingi. Mtu anayekimbia hubeba mtoto, sufuria, na akiwa na bahati hubeba mbegu kidogo. Aliyekuwa akilima kwenye milima ya Itombwe, mahali pa urefu wa zaidi ya mita 2000, anajua maharage na viazi vya mlimani. Amefika huku chini, kwenye joto. Kwa kawaida, ukishuka mita 1000 joto huongezeka kwa digrii 6 hivi. Anapanda maharage yake kama alivyofundishwa na baba yake. Yanaota vizuri, yanatoa maua, kisha usiku wa joto maua yanapukutika na maganda hayajai. Basi yeye anasema: wenyeji wamenipa ardhi mbovu. Wenyeji wanasema: mgeni huyu ni mvivu. Wengine wanaanza kutaja uchawi. Kumbe hakuna mbaya kati yao. Ni zao ambalo halikupatana na mahali.

Ndiyo maana tukatafuta ramani. Tulitaka kujua, kabla mtu hajamaliza mbegu zake na nguvu zake, ni zao gani linaweza kukubali mahali gani.

Satelaiti inaona nini

Satelaiti ni mashine inayozunguka dunia juu sana na kupiga picha za ardhi. Zile tunazotumia sisi haziwezi kuona sura ya mtu wala kuona dhahabu chini ya udongo. Tunasema hivyo kwa sababu maneno ya aina hiyo yalisikika. Hizi ndizo kazi zake kwetu.

Ya kwanza ni urefu wa ardhi. Februari 2000 chombo cha Marekani kinachoitwa Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima milima na mabonde kwa radar. Kwa vipimo hivyo tunajua wapi ni juu na penye baridi, wapi ni chini na penye joto, na maji ya mvua yanateremkia wapi.

Ya pili ni mvua. Kuna hesabu zinazoanzia mwaka 1981 zinazochanganya picha za mawingu na vipimo vya vituo vya mvua. Zinatuonyesha mvua huanza lini kwa kawaida, hukatika lini, na katika miaka iliyopita ni mara ngapi ilichelewa. Lakini kila mraba wa hesabu hizo una upana wa kilomita 5 hivi. Mnajua kwamba mvua inaweza kunyesha kwa shefu huyu na isinyeshe kwa jirani yake. Basi hesabu hizo ni makadirio.

Ya tatu ni ukijani wa majani. Satelaiti za Landsat za Marekani zinapiga picha tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo zinatolewa bure. Mraba mmoja wa picha zake za siku hizi ni mita 30 kwa 30, maana yake hekta moja ni miraba 11 hivi. Tangu 2015 kuna pia Sentinel-2 za Ulaya, ambazo mraba wake ni mita 10 kwa 10, sawa na hatua kubwa kumi kwa kumi. Mawingu yanaziba picha hizo, na huku kwetu wakati wa mvua mawingu ni mengi. Ndipo tunatumia Sentinel-1, ya radar, ambayo hupenya mawingu na kuonyesha mahali pa majimaji.

Ya nne ni udongo. Hapa tuwe waangalifu sana. Satelaiti haichimbi. Ramani za udongo hutengenezwa kwa kuchukua sampuli mahali mbalimbali, kisha kompyuta inakisia sehemu zilizobaki. Kwa hiyo ramani ikisema udongo huu ni wa mchanga, sisi tunakuja na jembe kuuliza kama ni kweli.

Zao gani, mahali gani

Tukiweka mambo hayo manne pamoja, tunalinganisha na mahitaji ya kila zao. Tutoe mifano.

Mpunga si mgeni hapa. Uliletwa na wafanyabiashara Waswahili katika karne ya 19, na Kasongo ilijulikana kwa mashamba yake ya mpunga. Mabonde ambayo kwenye picha hubaki ya kijani mwezi wa Julai, wakati nyasi za juu zimekauka, yana maji chini. Hapo mpunga wa bondeni unaweza kufaa. Mahali pa juu penye mvua ya kutosha kuna mpunga wa nchi kavu, kama zile aina za NERICA zilizotokana na kuchanganya mpunga wa Afrika na wa Asia katika miaka ya 1990. Baadhi yake huiva kwa siku 100 hivi.

Penye mchanga mwepesi usiotuamisha maji, karanga hufurahi. Huiva kwa miezi mitatu hadi minne na kurudisha nguvu katika udongo.

Kwa yule aliyezoea maharage ya mlimani, tunamwomba ajaribu kunde. Kunde huvumilia joto, aina nyingine huiva kabla ya miezi mitatu, na majani yake ni mboga wakati mtu anangoja mavuno.

Viazi vitamu huchukua miezi mitatu hadi mitano. Muhogo hukubali hata udongo uliochoka, lakini hukaa muda mrefu, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi. Na katika muhogo kuna jambo ambalo ramani zetu hazituambii: ugonjwa wa mozaiki. Vijiti vilivyochukuliwa kwenye shamba lenye majani yaliyojikunja vitapeleka ugonjwa popote vitakapopandwa, hata kama ramani imepaka mahali hapo rangi nzuri. Hapo jicho la mama mlimaji ni bora kuliko satelaiti.

Kosa letu

Sasa tuseme kosa letu.

Katika kijiji kimoja ramani ilituonyesha bonde zuri. Lilikuwa la kijani mwaka mzima, halina mwinuko mkali, liko karibu na njia. Kwa miaka kadhaa picha hazikuonyesha shamba ndani yake. Sisi ofisini tukasema: hapa ndipo pa mpunga wa familia zilizohamishwa. Tukalipaka rangi ya kijani kwenye karatasi, tukaandika chini yake kwamba panafaa, tukaipeleka kijijini.

Kabla hatujafika mwisho wa mkutano, habari ilikuwa imeshatangulia: shirika limegawa bonde. Wenyeji walisimama kwa hasira. Vijana wa pande mbili walianza kutoleana maneno. Familia zilizohamishwa, ambazo hazikuomba bonde hilo wala kujua lilipo, ndizo zilizotazamwa vibaya. Tulifunga mkutano mapema ili usiharibike zaidi. Jioni ile tuliogopa, kwa kuwa tulikuja kuleta chakula na tungeweza kuwa tumeleta fimbo.

Tulirudi baadaye bila karatasi. Mzee mmoja alitupeleka bondeni kwa miguu. Akatuonyesha mahali wanawake wanapoloweka muhogo. Akatuonyesha kisima, na minazi-mwitu wanayokata makuti ya kuezekea. Juu kidogo akatuonyesha msitu mdogo uliokuwa shamba la marehemu kaka yake. Akasema: hapa si patupu, hapa panapumzika. Ardhi inapumzika, ikisharudisha nguvu watoto wa kaka yangu watalima.

Ndugu zetu, kwenye picha ardhi inayopumzika na ardhi isiyo na mtu zina rangi moja. Satelaiti inaona bonde, haimwoni mwenye bonde. Haioni kaburi, haioni kisima cha mama, haioni ahadi aliyopewa mtoto na baba yake. Kosa halikuwa la ramani. Sisi tuliichukua ramani tukaifanya shefu.

Mazao ni mkataba pia

Wazee wanajua kwamba jambo la namna hii si geni. Tangu 1917 utawala wa Wabelgiji uliweka kilimo cha lazima, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kulimishwa pamba. Waliochagua zao walikuwa mbali, na waliolilima walikuwa na njaa ya mchele na muhogo wao. Hatutaki kurudia hayo kwa kutumia mashine mpya. Zao linalochaguliwa bila mlimaji na bila mwenye ardhi ni la lazima, hata kama limeletwa kwa upole.

Tulipoanza upya, tulichora ramani chini, mbele ya nyumba ya shefu. Majivu yakawa njia, mawe yakawa nyumba, majani yakawa misitu. Wenyeji walitaja majina ya vijito. Wanawake walionyesha visima na mahali pa kuni. Waliohamishwa walisema wanajua kulima nini na wana mikono mingapi nyumbani. Mwisho ndipo tukaweka ramani ya satelaiti pembeni, tukalinganisha. Mahali pengi zilipatana. Mahali zilipoachana, tulikwenda kwa miguu kuangalia.

Hapo tukajifunza jambo ambalo hakuna kitabu cha kilimo kilichotufundisha: kila zao lina muda wake, na muda wa zao ni muda wa kukaa juu ya ardhi ya mtu. Kwa mila zetu, anayepanda mti anaonyesha kwamba mahali ni pake. Michikichi ya mawese huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na huendelea kuzaa zaidi ya miaka 20. Hata ramani ikisema mchikichi unafaa sana, mwenye ardhi akimwona mgeni anapanda mchikichi moyo wake utapata wasiwasi, na wasiwasi huo una sababu. Kunde, karanga na mpunga huisha ndani ya msimu mmoja, wala hazimtishi mtu. Muhogo uko katikati: mgeni anaweza kuitwa nyumbani na amani wakati muhogo wake bado uko udongoni, na ugomvi ukaanzia hapo.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Lakini mashambani kwetu watu huomba ardhi kwa familia na kwa shefu, na makubaliano hayo ndiyo yanayolinda amani. Basi swali letu lisiwe moja tu, zao gani linapenda udongo huu. Tuulize pia: zao gani linapatana na makubaliano tuliyo nayo juu ya udongo huu?

Mambo tunayowaomba

Kwanza, kwa mashefu na wenye ardhi. Ramani yoyote ikifika kijijini, ya kwetu au ya shirika lingine, ulizeni imetengenezwa na nani, kwa kazi gani, na nakala itabaki kwa nani. Msikubali rangi yoyote iitwe mgawo. Ardhi inayopumzika na mahali pa heshima msemewe nanyi wenyewe, kabla ya mtu kupiga jembe.

Pili, makubaliano yasemwe mbele ya watu. Yataje mpaka kwa kijito au mti unaojulikana, misimu mingapi, mazao gani yanaruhusiwa, na sehemu gani ya mavuno itatolewa kwa mwenye ardhi. Kiasi hicho kisemwe kabla ya kupanda, si wakati magunia yamejaa. Na kwa muhogo, iandikwe nani atavuna kama mlimaji amerudi kwao. Mashahidi wawe wa pande mbili, na wanawake wawemo, kwa sababu wao ndio walio shambani kila siku. Mwanamke mjane aandikwe kwa jina lake mwenyewe.

Tatu, kwa familia zilizohamishwa. Msiweke mbegu zote kwenye zao jipya kwa sababu ramani imelisifu. Pandeni kwanza kipande cha hatua kumi kwa kumi. Ni ukubwa wa mraba mmoja wa Sentinel, na unatosha kukuambia ukweli. Kama ramani inasema ndiyo na kipande chako kinasema hapana, sikia kipande chako, kisha utuambie sisi turekebishe ramani.

Nne, wenyeji wajaribu pia. Mbegu zinazofaa zikigawiwa kwa waliohamishwa peke yao, tunapanda wivu. Mwenyeji aliyegawana nyumba yake na mgeni kwa miaka amechoka kama yeye. Jaribio liwe la jirani na jirani, ili wote waone pamoja zao likikubali au likikataa.

Tano, tulinde ramani zenyewe. Katika nchi iliyoona vita, karatasi inayoonyesha nani anaishi wapi, ghala la nani limejaa na njia gani inapita nyuma ya kijiji inaweza kuangukia mikono mibaya. Kwenye ramani zetu hatuandiki majina ya familia, hatuweki maghala, hatuweki mashimo ya dhahabu. Mkiona mtu anaandika hayo kwa jina letu, mkatazeni na mtuambie.

Neno la mwisho

Tunajua kwamba kunde na mpunga peke yake havimalizi vita. Kijana anayeona wenzake wanapata pesa kwenye shimo la dhahabu hatarudi shambani kwa sababu ya hotuba. Lakini tumeona nyumba mbili zilizokuwa hazisalimiani zikipalilia mashamba yanayopakana, kwa sababu mpaka ulikuwa umesemwa, zao lilikuwa limefaa, na kila mmoja alijua atapata nini siku ya mavuno.

Kuhusu lile bonde tulilolikosea: sehemu ya kisima na ya kulowekea muhogo imebaki kwa wanawake. Msitu wa marehemu unaendelea kupumzika. Upande wa chini, penye majimaji, wenyeji wenyewe walisema familia kadhaa za wageni zinaweza kulima mpunga pamoja nao, kwa misimu waliyokubaliana. Ni eneo dogo kuliko lile tulilolipaka rangi ofisini. Lakini hilo dogo lina mwenyewe anayejulikana, lina mashahidi, na hakuna anayelala akiogopa kunyang'anywa.

Wazee wetu, mashefu, mama zetu: ramani zetu tunaziweka mbele yenu. Zisomeni, zikosoeni, zirekebisheni. Sisi tutarudi kabla ya msimu wa Septemba ili tutembee pamoja mahali pale ambapo ramani na ninyi hampatani.

 Mungu awape mvua kwa wakati wake na amani katika kila nyumba.